Suzana wa Vifurushi na Kibanda cha Kibo

Kama uliwahi kutuma tenga la samaki kwa treni kutoka Mwanza miaka ile ya Azimio, basi Suzana unamjua, hata kama jina lake hukulisikia. Ni yule mama mrefu wa chumba cha vifurushi aliyekuwa akipokea mizigo amesimama. Kiti alikuwa nacho, mali ya shirika, ila alikitumia kuwekea kanga yake. Saa ya chakula wenzake walijipanga kivulini na bakuli zao. Yeye alishuka mpaka ziwani, akapanda kilima cha mawe cha Bugando, akarudi viatu vimejaa vumbi na chakula hajakigusa. Wenzake walisema mama huyu akikaa kitako magoti yanamshtaki.

Ilianza mwaka wa sitini na saba. Mtakumbuka, ninyi mliokuwapo, jinsi vijana walivyotoka kila mkoa kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha. Wafanyakazi wa reli wa Mwanza nao wakaondoka kwenda Shinyanga. Njiani wengi walidandia malori ya pamba, nami siwalaumu, jua la Usukuma halina huruma. Suzana alifika kwa miguu yake. Wenzake waliporudi waliloweka nyayo kwenye maji ya chumvi, wakasema taifa limetumikiwa, inatosha. Yeye alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwenzao mmoja, mtu wa Moshi aliyehamishiwa Mwanza, akamwambia kwa mzaha, "Dada, nchi tambarare haikutoshi wewe. Nenda kwetu. Kule njia inapanda mpaka miti inakata tamaa."

Mwezi wa saba uliofuata Suzana alichukua likizo na pasi yake ya reli, ile ambayo wengine waliitumia kwenda kusalimia wazazi. Akazunguka na treni Tabora, Morogoro, Korogwe, mpaka Moshi. Kutoka Moshi akapanda gari la Marangu, na kutoka Marangu akaanza kutembea.

Tangu hapo ikawa kila mwezi wa saba. Watu wa Marangu walimzoea wakamwita Mama Msukuma, na kiongozi wake alikuwa Antoni, Mchaga mpole aliyekuwa akitembea mikono nyuma kama padri anayesali. Suzana akaujua mlima kama anavyojua rafu za vifurushi. Alijua kuanza polepole tangu geti la msitu, siyo kungoja mpaka kuchoka. Alilala na chupa ya maji ubavuni isigande. Na alikuwa na sheria mbili alizozishika kila mwaka. Ya kwanza, Horombo, kibanda cha katikati, hulali usiku mmoja tu. Unapumzika siku nzima damu izoee. Ya pili aliwaambia wageni waliofuatana naye: "Mgonjwa wa mlima hunyamaza. Mwenye kelele mwache, huyo mzima. Mtazameni aliyenyamaza."

Kileleni alifika mara mbili, akaona inatosha. Kilichomvuta kilikuwa kile kibanda cha juu, cha Kibo, mahali pasipo na jani wala tone la maji, ambapo hata maji ya chai hubebwa kutoka chini. Alifika mchana, akatua mzigo, akaegemeza mgongo kwenye ukuta unaotazama mashariki. Na hapo, ndugu zangu, Suzana alikaa kitako. Alikaa mpaka jua linapinduka. Antoni alimpa kikombe cha chai, akampita kimya kama mtu anayepita mbele ya aliyelala.

Sasa, mwezi wa saba Usukumani ni mwezi gani? Pamba imevunwa, mtama uko ghalani, na ngoma zimetoka. Na Suzana alikuwa mke wa Maige.

Maige alikuwa seremala pale Mabatini, mtu wa vitanda na milango. Lakini vumbi la ngoma likitimka alirudi kwao Kisesa, akawa manju wa Bagika, mtunzi na mwimbishaji wao. Wapinzani wao ni Bagalu, na manju wa Bagalu alikuwa Luhaga, mwanamume mfupi mwenye ulimi mrefu. Kwa asiyejua: makundi hayo mawili hucheza uwanja mmoja, saa moja, kila moja upande wake. Hakuna hakimu wa kutoa alama. Watazamaji ndio hukimbia huku na huku, na kundi linalobaki na watu ndilo lililoshinda. Manju aliyekimbiwa na watu anabaki akiimbia vumbi. Hakuna aibu kama hiyo.

Luhaga akaona pa kuingilia. Mwaka mmoja aliibuka na wimbo:

"Manju wa Bagika, mkeo yuko wapi?
Amefuata baridi, joto lako limekwisha!"

Watu walihama kwenda kwa Luhaga wakicheka mpaka wanaangukiana. Mwaka uliofuata aliuimba tena, ameongeza beti. Watoto wa Mabatini wakauimba mlangoni pa karakana. Hata balozi wa nyumba kumi, kwenye mkutano wa kilimo, akasema wananchi wanashika jembe na ndugu yetu mmoja anashika barafu.

Maige hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kuuliza. Jioni moja alimkuta mkewe akifunga blanketi, akakaa juu ya kitanda cha mteja.

"Mama Nkwabi, huko juu kuna nini?"

"Kuna kibanda."

"Cha nani?"

"Si cha mtu. Cha wapita njia."

"Mimi nimejenga vibanda mji huu mpaka nimechoka. Ndani yake kuna nini?"

"Vitanda."

"Vitanda!" Maige akashika kichwa. "Usije ukathubutu kumwambia Luhaga kwamba kuna vitanda."

Suzana akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Nakwenda nawe," Maige akasema. "Nifike kibandani kwako, nilale, asubuhi nipande mpaka juu kabisa. Nikiona kitu, nitafyata ulimi wangu na nitamfyatisha Luhaga wa kwake. Nisipoona kitu, au tukishindwa kufika, umekwisha mlima. Mwezi wa saba utakuwa Kisesa, upande wangu, mbele ya watu."

"Sawa, Baba Nkwabi," Suzana akajibu, na tayari alikuwa amefungua kabati akitafuta blanketi la pili. Jibu lilikuwa limemtoka kabla hajalipima. Usiku ule alilipima mpaka jogoo akawika.

Njiani Maige alikuwa furaha tupu. Treni nzima ilimjua kabla ya Tabora. Msituni, penye ndevu za kijani zilizoning'inia mitini, aliwaimbia wapagazi kuhusu fisi aliyevuka kwenda Sengerema kwa pantoni akajifanya mganga wa hospitali, nao wakapanda wakicheka. Alikuja na mfuko wa michembe, vile viazi vibichi vilivyokaushwa. Suzana alikuwa amemwambia abebe matobolwa, yaliyopikwa kabisa kabla ya kukaushwa. Akajibu kwamba manju hali chakula cha wazee wasio na meno.

Lakini Horombo, penye mimea minene iliyosimama kama watu waliovaa majani, Suzana alimwona mumewe akipiga miayo. Akamsikia akimuuliza mpagazi siku gani malori ya Mwanza huondoka Moshi. Huyu atachoka kabla hajaona, akawaza. Atashuka mlima kichwani akiwa bado yuko nusu njia.

Antoni akaja. "Mama, kesho tunapumzika kama kawaida?"

"Kesho tunapanda. Anga liko wazi."

Antoni akamtazama. "Ni wewe unayesema hivyo?"

"Ni mimi. Waambie wafunge mizigo mapema."

Basi asubuhi walipanda. Baada ya chemchemi ya mwisho nchi ilifunguka ikawa jangwa, tambarare, kijivu, upepo unapita bila kugusa kitu. Suzana alikuwa mbele, akageuka, akarudi, akaenda tena mbele, kama mbwa anayetembea na bwana wake. Maige alikuja nyuma akiimba.

Walipofika kibandani Maige alipapasa ukuta kwa kiganja. "Nani alipigilia misumari hii? Huyu alikuwa anaikimbia mvua."

"Acha misumari. Njoo huku uone." Suzana akamvuta mpaka ukuta wa mashariki. Kule ng'ambo kilele cha pili, Mawenzi, kilikuwa kimesimama chekundu, kimepasukapasuka, mawingu yako chini yake. "Tazama."

"Nimetazama."

"Tazama tena."

"Mama Nkwabi, nimeona jiwe. Mwanza imejaa mawe, na yetu hayana baridi."

Suzana hakukaa. Ukuta ulikuwa pale, jua lilikuwa pale, na yeye aliingia ndani, akatoka, akakunja blanketi lililokwisha kunjwa, akaenda kutazama sufuria ya michembe. Maji yalichemka kwa kelele lakini michembe ilibaki migumu kama vipande vya ubao. Juu huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kupikia. Maige alitafuna kidogo, akasukuma bakuli. "Tumbo limeikataa hii," akasema. Suzana akaamini. Nani asingeamini?

"Mama, leo hukai?" Antoni akauliza.

"Nitakaa."

Maige, pamoja na tumbo lake hilo, alipanda juu ya kitanda cha chini akaanza kuimba. Wapagazi wakagonga masufuria. Sauti yake ilijaa kibanda chote mpaka bati likaitikia. Antoni akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu mumeo ana mapafu ya ng'ombe. Kesho atatungoja kileleni." Suzana akajikumbusha sheria yake. Mwenye kelele ni mzima. Akaelekea mlangoni, kwenye ukuta wake, akae sasa.

Hakufika. Ndani Maige alikuwa amemaliza wimbo wa fisi wa Sengerema, watu wamecheka, amekunywa maji. Kisha akafungua mikono, akatabasamu, akaanza wimbo wa fisi wa Sengerema. Ule ule, tangu mwanzo, kwa uso wa mtu anayetoa kitu kipya.

Wapagazi walidhani anaurudia kwa kuwa waliupenda. Suzana alikuwa mke wa manju. Alijua kwamba manju harudii wimbo katika uwanja mmoja, hata akiombwa, maana kurudia ni kumwonyesha mpinzani kwamba mfuko umekwisha. Na akakumbuka jambo alilokuwa akiliona kila mwaka tangu aolewe, kabla ya mambo ya mlima: manju akichoka hapunguzi sauti, anaipandisha. Ndivyo wanavyofundishwa. Anguka ukiimba, wasikuone. Sheria yake yeye ilikuwa ya watu wengine. Haikutungwa kwa Maige.

"Baba Nkwabi, njoo nje kidogo."

Alikuja. Alitembea kama mtu aliye juu ya sitaha, ziwa limechafuka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Tunashuka," Suzana akasema.

"Tushuke wapi? Luhaga ameshafika?"

"Luhaga yuko Kisesa."

"Namsikia. Yuko nyuma ya ukuta."

Antoni alisikia maneno hayo, akaanza kufunga mizigo bila kuulizwa. Jua lilikuwa bado juu, njia ingeonekana. Lakini Maige alirudi ndani akakumbatia nguzo ya kitanda, na mtu aliyeshinda na randa maisha yake yote ana mikono. Wapagazi wawili walijaribu kumbandua. Akamrushia mmoja upawa.

"Nikishuka, Luhaga ataniimba mpaka mvua za vuli!" akafoka. "Na wewe, Suzana, kumbuka mapatano. Tukishindwa kufika, umekwisha mlima!"

"Umekwisha," Suzana akasema. "Nimeshindwa mimi. Haya, twende."

Neno hilo alilisema mbele ya Antoni na mbele ya ule ukuta wa mashariki, na alilimaanisha. Halikusaidia. Maige akaishika nguzo kwa nguvu zaidi, akaanza wimbo wa fisi mara ya tatu, na wapagazi wakasimama wakimtazama, wasijue wacheke au walie.

Wanamtazama. Hapo Suzana akaona kilichomshika mumewe. Nguzo haikuwa kitu. Ana watu, mwenye watu hatoki uwanjani.

Akachukua sufuria ya michembe, akaimwaga nje, akaipiga kwa kijiko. Akaimba. Na aliimba nini? Aliimba ule wimbo aliotukanwa nao miaka yote, wimbo ambao ulipoanza sokoni yeye aliondoka:

"Manju wa Bagika, mkeo yuko wapi?
Amefuata baridi, joto lako limekwisha!"

"Tokeni wote!" akawaambia Antoni na wapagazi. "Chukueni mizigo, mnifuate mkicheka. Ndani asibaki hata mmoja."

Wapagazi hawakuelewa, ila walimwamini. Wakatoka mmoja mmoja, wakashika njia ya kushuka nyuma ya sufuria, wakiitikia wasichokijua. Ndani sauti ya Maige ilipanda, ikapanda, ikakatika. Kibanda kikawa kitupu. Kisha akatokea mlangoni, kichwa wazi, koti halijafungwa, macho yamemtoka.

"Rudini! Rudini nyie! Huyo hajui kuimba!"

Akashuka akiwafuata. Antoni, aliyekuwa amejibanza kando ya mlango, akamshika mkanda kwa nyuma, akatembea naye. Suzana alipima mwendo: akienda mbali mno Maige atakata tamaa, akisogea mno atasimama. Alimwacha karibu kiasi cha kusikia kila neno. Maige akijibu ubeti, yeye alitunga mwingine mbaya zaidi. Alimwita manju wa vumbi, seremala wa jeneza lake mwenyewe, na alipolisema hilo la jeneza sauti ilimtetemeka, akapiga sufuria kwa nguvu isisikike. Hivyo ndivyo walivyolivuka lile jangwa lote, ngoma ya watu wachache, hakuna wa kuitazama.

Kadiri walivyoshuka, beti za Maige zilinyooka. Kwenye chemchemi alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa, akauliza kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Kofia yangu iko wapi?" Antoni akamwachia mkanda. Suzana akaenda nyuma ya mwamba, akakaa huko peke yake kitambo.

Asubuhi yake, Horombo, Maige alikunywa uji vikombe viwili.

"Uliniimbia wimbo wa Luhaga."

"Nilikuimbia."

"Uliuharibu. Ubeti wa pili uliuimba puani."

Suzana hakucheka. "Mapatano ni mapatano, Baba Nkwabi. Hatukufika. Na mimi nilikukimbiza. Antoni aliniuliza nikajitia kiziwi. Mlima umekwisha."

Kutoka Moshi mpaka Mwanza habari ya mlima haikutajwa tena. Suzana alisafiri njia nzima amesimama dirishani, na kila kilima kilichopita alikifuata kwa macho mpaka kikapotea.

Walifika nyumbani ngoma hazijakwisha. Habari zilikuwa zimewatangulia, sijui kwa njia gani. Kwetu habari hailipi nauli. Jumapili ya mashindano ya Kisesa uwanja ulifurika. Suzana alikuwapo upande wa Bagika, kama alivyoahidi, amevaa vizuri, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Luhaga hakuchelewa:

"Manju alipanda, manju akashushwa!
Aliyemshusha amevaa kanga!"

Uwanja ulilipuka. Watu wakaanza kuhama, kwanza watoto, kisha wanawake, kisha hata shemeji zake Maige, wakijifanya wanatafuta kivuli. Maige alisimama kimya. Wacheza ngoma wake wakamtazama. Suzana naye akamtazama, na safari hii ukimya ule ulimtisha kuliko kelele.

Maige akavua njuga. Akaomba blanketi kwa bibi mmoja, akajifunika, akaanza kutembea uwanjani kama alivyotembea kule juu, akipepesuka, akikumbatia nguzo isiyoonekana. Akaimba jinsi alivyomsikia Luhaga nyuma ya ukuta, mawinguni, mbali na Kisesa, na kwamba hata mlima hauwezi kumwokoa mtu na sauti ile mbaya. Watu wa mwisho walisimama. Wa mbele wakageuka. Akaimba:

"Nilikuwa na watu, mke akanichukulia.
Alibeba sufuria, akanibebea uwanja.
Luhaga, wewe uliwahi kuninyang'anya wote?"

Walirudi. Si wote, nisiwadanganye; wapo wanaobishana mpaka leo nani alishinda siku ile. Lakini walirudi wa kutosha, wamelowa machozi ya kicheko. Maige akainua mkono, wakatulia, naye akamtafuta mkewe kwa macho:

"Mlima sikuuona, kichwa kilinigeuka.
Wa nyumbani mwangu ana macho, acheni aende.
Mwakani ataniangalizia, mimi nitabaki nanyi."

Kwetu neno analoliimba manju uwanjani halirudishwi nyumbani kujadiliwa. Kila mtu alimgeukia Suzana. Mama mmoja akampigia vigelegele sikioni. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumwambia mumewe kwamba yeye hakuomba kusamehewa mapatano. Miguu ikamzidi. Akajipenyeza katikati ya watu, akatokea barabarani, akashika njia ya Mwanza.

Jua lilikuwa linalala alipofika karibu na Buzuruga. Lori la Bagika likampita, likasimama. Maige alikuwa juu na wenzake, sauti imemkauka.

"Mama Nkwabi! Panda! Nilisema mwakani, sikusema leo!"

"Nilisikia."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Ninyi tangulieni."

"Tukungoje na chakula?"

"Kuleni," Suzana akasema, na alikuwa ameshalipita lori.